Orodha ya minara iliyofikishwa hadi Luxembourg

Mnara wa simu ni kitu kigumu kuficha. Umesimama juu ya paa, kando ya uwanja wa mpira au nyuma ya kanisa, na mtoto wa darasa la kwanza atakuonyesha kwa kidole. Hata hivyo, nchini Uingereza orodha ya kueleza minara yote iko wapi iligombewa kwa miaka sita na nusu. Ilipanda ngazi za mahakama mpaka ngazi zikaisha, kisha ikavuka bahari.

Orodha hiyo ilizaliwa na ripoti iliyotimiza miaka 25 mwezi Mei 2025. Nimeisoma upya, sambamba na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya mwaka 2010, kwa sababu maswali yaliyomo ndiyo tunayoulizana Dar es Salaam na Nairobi kila fundi anaposhusha vyuma vyake mtaani.

Mwanzo wa simu za mkononi nchini Uingereza unafahamika. Januari 1, 1985, mchekeshaji Ernie Wise, akiwa amevaa mavazi ya kale na kuja kwa gari la farasi, alipiga simu ya mkononi hadharani kutoka bandari ndogo ya St Katharine, London, kwenda ofisi za Vodafone mjini Newbury. Ofisi zenyewe zilikuwa juu ya mgahawa wa Kihindi. Cellnet ilifuata mwezi huo huo, One2One mwaka 1993, Orange mwaka 1994. Kufikia 2000 Waingereza walikuwa na simu zipatazo milioni 25, zikihudumiwa na vituo vya kurushia mawimbi vipatavyo 20,000.

Wananchi waliipenda simu, ila mnara waliuchukia. Sheria ya mipango miji iliruhusu minara isiyozidi mita 15 kusimikwa bila kupitia hatua zote za kibali, hivyo mzazi aliweza kumpeleka mtoto shule asubuhi moja akakuta mlingoti ambao hakuna aliyemtaarifu kuuhusu. Uvumi wa mionzi ukapata pa kuota.

Mwaka 1999 serikali ikaunda jopo la wataalamu chini ya Sir William Stewart. Ripoti yao, iliyotoka Mei 2000, haikumtisha mtu. Ilisema ushahidi uliopo kwa jumla hauonyeshi kwamba mawimbi yaliyo chini ya viwango vilivyowekwa yanawadhuru watu. Lakini ilishauri tahadhari. Minara yote, mirefu na mifupi, ipitie utaratibu wa kawaida wa kibali. Mahali ambapo mawimbi ni makali zaidi pasiangukie eneo la shule bila ridhaa ya shule na wazazi. Na serikali iandae daftari la taifa linaloonyesha kila kituo ni cha kampuni gani, kiko wapi, antena iko juu kiasi gani, inatumia masafa gani na nguvu kiasi gani.

Ndivyo ilivyopatikana Sitefinder, ramani ya mtandaoni iliyofunguliwa 2001 na wakala wa serikali wa masafa, kisha ikahamia kwa mamlaka mpya ya mawasiliano, Ofcom, mwishoni mwa 2003. Mwananchi aliandika jina la mji au mtaa wake, ramani ikafunguka na alama za minara ya jirani. Dosari ilikuwa kwenye msingi wake: kampuni zilitoa taarifa kwa hiari. Ramani nayo ilikupa sehemu tu, haikukupa zima. Uliweza kuona kwamba mnara uko karibu na kona fulani, lakini kipimo kamili cha mahali hukukipata, wala hukuweza kuchukua orodha yote kwa mkupuo.

Januari 2005 mtu mmoja akaliomba hilo zima. Hakuwa mwanaharakati wa mabango. Alikuwa ofisa wa habari katika taasisi ya kulinda afya ya umma ya Scotland, na alitaka vipimo vya mahali pa kila kituo nchini. Faida yake kwa watafiti iko wazi: huwezi kulinganisha magonjwa na minara kama hujui minara iko wapi.

Ofcom ikakataa, ikitoa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama wa umma: orodha kamili ingewarahisishia kazi wahalifu wanaotaka kuhujumu mitandao, ukiwemo ule wa polisi na huduma za dharura. Ya pili ni haki miliki: daftari limejengwa kwa taarifa za kampuni, na mshindani akilipata atasoma ramani ya biashara ya mwenzake.

Kamishna wa Habari aliamuru mwaka 2006 taarifa zitolewe. Baraza la rufaa za habari likamuunga mkono 2007, Mahakama Kuu nayo ikafuata 2008. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ikageuza kibao, na Januari 2010 shauri likawa mbele ya Mahakama ya Juu.

Hapo ndipo kesi inapokuwa tamu. Baraza lilizipima sababu hizo mbili moja moja. Likaweka usalama kwenye mizani, ukazidiwa na manufaa ya wananchi kujua. Likaweka haki miliki, nayo ikazidiwa. Ofcom ikauliza: je, zikiwekwa pamoja kwenye sahani moja? Kwa maneno ya kwetu, majaji wa Uingereza walikuwa wanabishania kama haba na haba hujaza kibaba. Sheria waliyoitumia ilitokana na maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu habari za mazingira, kwa hiyo swali likapelekwa Luxembourg. Julai 28, 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikajibu: ndiyo, mamlaka inayopima inaweza kuzijumlisha sababu za kukataa, hata kama kila moja inalinda jambo tofauti.

Msomaji wa kawaida anaweza kujiuliza mnara uko wapi katika hayo yote. Nami nilijiuliza. Daftari lililoanzishwa ili kuwatuliza watu liligeuka mtihani wa wanasheria, na wakati huo huo lilikuwa likizeeka. Kwa kuwa hakuna sheria iliyozibana kampuni, taarifa mpya zilipungua, na toleo la mwisho ni la 2012. Toleo hilo lilitolewa hadharani, likiwa na kipimo cha mahali pa kila kituo. Siri ilitoka ikiwa imechakaa.

Baada ya hapo hakuna mengi, isipokuwa mwaka 2020. Uvumi kwamba mitambo ya 5G inaeneza korona ulisababisha makumi ya minara kuchomwa moto, ukiwemo mmoja uliohudumia hospitali ya dharura ya Nightingale mjini Birmingham. Hofu ya Ofcom kuhusu hujuma ilitimia, ila wachomaji hawakuhitaji orodha. Walitazama juu tu.

Kisa hiki hakiko mbali nasi. Vodafone ya Newbury ndiyo iliyoshiriki kuizaa M-Pesa, na Helios Towers, iliyoandikishwa kwenye soko la hisa la London, inamiliki minara Tanzania, Kongo na hata Oman. Hoja ya usalama nayo hatuwezi kuipuuza. Kaskazini mashariki mwa Kenya al-Shabaab wamelipua minara zaidi ya mara moja, na vijiji vikabaki bila simu.

Lakini upande wa pili wa mizani una uzito wake. Mei 2023 Serikali ya Tanzania, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni jambo la kujivunia, hasa kwa aliyewahi kupanda mlima au mti kutafuta mtandao. Idadi hiyo ingefaa iende na ramani ambayo mwenyekiti wa kijiji anaweza kuifungua kwenye simu yake, akamwonyesha mzazi anayeuliza: mnara huu ni wa nani, una urefu gani, unarusha nguvu kiasi gani. Na sheria iilazimishe kampuni kuijaza ramani hiyo kila mwaka. Waingereza waliliacha hilo kwa hiari, na wakabaki na daftari lililoishia 2012.