Mkasi wa Filamu Ulipoingia Mkobani

Huenda wewe, msomaji, ni mmoja wa vijana wa Ukunda au Msambweni wanaoweka akiba wapate kununua kipakatalishi cha kuhariri video, ili waweze kupiga picha za arusi ufuoni Diani asubuhi na kuwakabidhi wenyewe kabla ya jua kutua. Umekwisha kuuliza madukani, na kila muuzaji amekusifia mali yake. Kabla hujatoa fedha, nakuomba tutazame nyuma kidogo, kwa maana swali lako ni kongwe kuliko kompyuta: mtu aliye safarini, mbali na miji mikubwa, atengeneze filamu yake kwa chombo gani?

Katika mwaka wa 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, ulianzishwa mradi wa kutengeneza senema kwa ajili ya Waafrika. Ulisimamiwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha zake nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Jambo la kwanza lililowakabili ndilo hilo lako. Filamu iliyotumiwa na makampuni makubwa ilikuwa na upana wa milimita 35, nayo ilikuwa nzito na ya gharama. Wao wakachagua ile ya milimita 16. Sauti hawakuitia katika filamu yenyewe, bali katika sahani za santuri, ili picha zile zile zipate kuelezwa kwa lugha mbalimbali. Kisha wakapakia mitambo yao katika lori pamoja na jenereta, wakazunguka nayo nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mpaka mradi ulipokwisha mwaka wa 1937, walikuwa wametengeneza filamu zaidi ya 30, juu ya akiba ya posta, ugonjwa wa safura, kilimo cha chai na mengineyo.

Tuwape haki yao: walipima chombo kwa kazi na kwa barabara, wala si kwa fahari. Lakini mkasi haukutoka mikononi mwao. Kipi kibaki na kipi kitupwe, hilo liliamuliwa na wenye mradi, si na wale waliopigwa picha.

Nimesema mkasi, wala sikusema kwa mafumbo. Mhariri wa zamani aliukata utepe wa filamu kwa makali, akaviunganisha vipande kwa gundi. Futi 100 za filamu ya milimita 16 hupita mbele ya macho kwa muda usiofika dakika 3; basi fikiri jinsi utepe wa saa nzima ulivyokuwa mrefu! Mashine maarufu ya kutazamia vipande hivyo, iitwayo Moviola, ilibuniwa huko Marekani mwaka wa 1924 na Iwan Serrurier. Hapa nakuomba ushike jambo moja, kwa kuwa tutalihitaji mbele. Mhariri mwenye busara hakuigusa filamu ya asili iliyotoka katika kamera. Alitengenezewa nakala ya kazi, akaikata hiyo, akaikwaruza, akakosea na kurudia. Ile ya asili ilikaa salama kabatini, ikaja kukatwa mwishoni kwa kuifuata nakala.

Kompyuta zilipoingia, desturi hiyo haikufa. Osborne 1, iliyotoka mwaka wa 1981 na kuitwa ya kubebeka, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na kwa video haikufaa kitu. Mwaka wa 1989 ukatokea mtambo wa Avid/1, ambao ulimwezesha mhariri kupanga vipande katika skrini bila kukata utepe wowote. Hata hivyo picha zake zilikuwa hafifu, kwa kuwa diski za siku zile zilikuwa ndogo. Mhariri aliamua kwa picha hafifu, kisha kazi safi ikafanywa kwa kanda za asili. Katika mwaka wa 1995 zikaja kamera za DV, ambazo saa moja ya picha zake huchukua gigabaiti 13 hivi. Hicho ndicho kiasi ambacho vipakatalishi viliweza kukimudu baada ya miaka michache, na tangu hapo kazi ya studio ikaanza kuingia mkobani.

Sasa fanya hesabu ya leo. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hutoa megabaiti 12.5 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600: saa moja ni gigabaiti 45. Tena picha hizo zimebanwa sana, na mashine hulazimika kuzifumbua upya kila uzitazamapo. Ndiyo sababu kipakatalishi cha bei ya kadiri hukwama-kwama. Hapo muuzaji atakuambia ununue kikubwa zaidi. Lakini programu nyingi za kuhariri, kama DaVinci Resolve, huweza kukutengenezea nakala nyepesi. Ukate hizo, na mwishoni programu irudi yenyewe kwenye picha za asili. Ni nakala ya kazi ile ile ya wazee wa Moviola.

Mimi sikulijua hilo nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Nilinunua mashine kwa ukubwa wa kioo chake. Siku moja nikaenda Gazi kumpiga picha mzee mmoja akisimulia jinsi jamaa zake walivyokimbia katika vita vya Mbaruk bin Rashid, vilivyoanza mwaka wa 1895 na kwisha mwaka uliofuata, Mbaruk alipovuka kuingia nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Nilikusudia kuhariri pale pale barazani, mzee atazame. Umeme ulikuwa umekatika. Mashine ikaunguruma, ikapata moto, na kabla ya saa moja kwisha betri ikazima. Nikamalizia chuoni peke yangu na kuionyesha darasani. Nilipompelekea mzee, alitazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hapo umenikata kauli." Yeye alikuwa amesema kwamba wengine husimulia walipitia Vanga, na wengine husimulia walipanda Shimba. Mimi, kwa kuona maneno ni marefu, nikaiondoa njia ya pili. Shaka yake nikaigeuza kuwa yakini, na darasa zima likaiandika.

Kwa hiyo naweka betri mbele ya yote. Pwani hii jua ni kali na umeme hukatika. Tafuta mashine itakayohariri saa nyingi, si itakayowaka tu saa nyingi, maana hayo ni mambo mawili. Iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 16, na diski isiyozunguka, ambayo haidhuriki upesi kwa mitikisiko ya matatu. Ununue na diski ya pili ya kuweka picha za asili, uibebe katika mfuko mwingine unapovuka Likoni. Kioo kiwe chenye mwanga wa kutosha kusomeka barazani. Upana si hoja. Hewa ya chumvi hula chuma, basi usiiache mashine wazi ufuoni, wala usiizibe matundu yake ikiwa moto.

Nilirudi Gazi na mashine ndogo kuliko ile ya kwanza. Tulikaa na mzee tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, nikazirudisha njia zote mbili mahali pake. Alipomaliza kutazama aliniomba nikate kitu kimoja tu, nacho ni kikohozi chake.