Ruta Yetu, Bodi za Texas

Mombasa tunajua kuunganisha. Pale Miritini, AVA wameunganisha magari kutoka vipande vya kontena tangu miaka ya 1970. Mbona basi bodi za saketi tunaona ni mambo ya Wachina?

Turudi nyuma kidogo. Redio ya kitambo ukiifungua ndani ni kama sahani ya tambi: waya juu ya waya, kila kiungo kimelehemiwa kwa mkono. Mwaka 1936 huko London, Paul Eisler, Muaustria, akaunda redio ambayo nyaya zake ni utando wa shaba juu ya bodi. Miaka ya 1980 vipuri vikazidi kubandikwa juu ya bodi badala ya kutobolewa tundu, vikapungua hadi saizi ya chembe ya chumvi, na mashine zikachukua kazi.

Hapo ndipo kidogo kikawa ghali. Manake kutayarisha mashine ni kazi ileile, uwe unataka bodi 20 au 20,000. Utengeneze stensili ya kupakia uji wa lehemu, ujaze mikanda ya vipuri, uielekeze mashine kila kipuri kikae wapi, ndio bodi iingie tanurini. Ukisema unataka 20 tu, kiwanda kikubwa hakikujibu hata meseji.

Cheki BRCK. Mwaka 2013 watu wa Ushahidi, Nairobi, walichangisha dola 172,107 Kickstarter watengeneze ruta isiyozima stima ikipotea. Wazo la Kenya, shida ya Kenya. Bodi? Zikaunganishwa Austin, Texas. Siwalaumu, wangezipeleka wapi?

Siku hizi Shenzhen wanakubali hata bodi 5, na Nairobi kuna mashine pale Gearbox. Lakini huku bara letu naona kitu watu hawakihesabu. Fundi wa simu wa Kongowea au Likoni anang'oa chipu ya chaji kwa blowa, chini ya darubini, bila kuunguza za jirani. Hiyo ni ngumu kuliko kubandika chipu kwenye bodi mpya! Na bado tunamwita "fundi wa mtaani" kama tusi.

Mpe stensili, uji wa lehemu usioganda na tanuri dogo linalofika nyuzi 217 na zaidi, lehemu isiyo na risasi iyeyuke. Kisha mletee oda ya bodi 10 za kupima maji kwenye matangi ya Kisauni. Kumi tu. Stensili hiyohiyo itatumika tena majirani wakitaka zao.