Hesabu na Mirathi

Hapa Gisenyi vijana wetu hudhani hesabu ni ya shule tu, madrasa haihusiki. Tutazame historia. Karibu na mwaka 820, mjini Baghdad, Al-Khwarizmi aliandika kitabu cha al-jabr, na humo ndimo lilimotoka neno aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi.

Mfano: marehemu ameacha mke, mtoto wa kiume na binti tu. Baada ya madeni na wasia, mali hugawanywa mafungu 24: mke 3, mwana 14, binti 7. Asiyejua hesabu atamdhulumu yatima bila kukusudia. Basi tusiwakataze watoto daftari la hesabu. Wabillahi tawfiq.