Kiwango mwafaka

Chukua kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichotoka tanurini, ukivunje kwa jiwe. Kikiwa cheusi tii kuanzia ganda hadi kiini, mchomaji amefanya kazi yake. Kikiwa na kahawia katikati, moto haukufika. Mafuta na mabaki ya uboho bado yamo, na maji yatakayopita humo yatatoka na rangi na uvundo. Kikiwa cheupe kama chaki, moto umepita kiasi: mkaa wenyewe umeteketea, chembe za madini zimeshikamana na kunenepa, na vitundu vilivyotakiwa kunasa floraidi vimeziba.

Mkaa wa mifupa si jambo geni ukanda huu wa Arusha. Ukitoka Kikatiti kwa barabara ya Arusha unapita Maji ya Chai, na jirani yake, Ngurdoto, kipo kituo cha Wizara ya Maji kinachotafiti namna ya kuondoa floraidi majini. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia floraidi kwenye chemchemi na visima, na meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia hapa yanaeleza mengine. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Arumeru vipo vyanzo vinavyozidi kipimo hicho mara kadhaa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, haiishii kwenye meno, huingia hadi mifupani. Nao mfupa wa ng'ombe uliochomwa vizuri una madini yanayokubali kubadilishana na maji: huachia hidroksidi, huchukua floraidi. Kwa hiyo mchomaji anapojiuliza joto kiasi gani, kwa saa ngapi, na hewa kiasi gani iingie, nyuma ya swali lake yuko mtoto anayesubiri kikombe cha maji.

Jibu la swali hilo wanasayansi huliita kwa neno la Kilatini, optimum. Kiswahili kimekuwa kikiyumba nalo. Nimekuta "kiwango cha juu", nimekuta "upeo", na mara nyingi zaidi "hali bora".

"Kiwango cha juu" ni tafsiri ya hatari, na "upeo" ni ndugu yake. Kilele kipo kweli, lakini ni kilele cha matokeo. Joto linalotufikisha hapo liko mahali fulani katikati. Kwa mkaa wa mifupa, joto linalofaa kwa kawaida huangukia karibu na nyuzijoto 400 hadi 500, ingawa tanuri linaweza kupanda mbali zaidi. Fundi akiandikiwa "choma kwa kiwango cha juu" atakuletea chaki, na hatakuwa amekosea kusoma. Mwandishi ndiye aliyekosea.

"Bora" ni kosa la upole zaidi, ila nalo halitoshi. Tumelitumia mno kusifia: mbegu bora, huduma bora, mkulima bora. Linataja sifa, halionyeshi mizani. Tazama maziwa. Ili kuua vijidudu, unaweza kuyapasha hadi nyuzijoto 63 na kuyashikilia hapo dakika 30, au hadi nyuzijoto 72 kwa sekunde 15. Ipi bora? Swali halina jibu mpaka useme ni ya nani. Kiwanda chenye mitambo ya kupitisha maziwa mfululizo kitachagua 72. Mama mwenye sufuria, kuni na kipimajoto atachagua 63, kwa sababu sekunde 15 hazishikiki jikoni. Namba ya joto bila ya muda haimfai yeyote kati yao.

Ndiyo maana nashikilia "mwafaka". Neno hili ni la ukoo mmoja na afiki na maafikiano. Wasomaji wa Tanzania wanalikumbuka pia kutoka Zanzibar, pale vyama vya CCM na CUF vilipotia saini muafaka wa mwaka 1999 na mwingine mwaka 2001, na hakuna upande uliopata kila ulichokitaka. Tanurini ni vivyo hivyo: joto, muda, hewa na bei ya kuni hukaa kikao. Hata saizi ya punje za mkaa huingia. Punje ndogo hunasa floraidi upesi lakini huziba chujio. Kubwa hupitisha maji mbio kabla hayajanaswa kitu. Fundi hutafuta saizi ambayo pande zote mbili zinaweza kuishi nayo. Basi niandike "hali mwafaka za usindikaji" nikizungumzia chakula, na "hali mwafaka za uchakataji" nikizungumzia mkaa, saruji au ngozi. Na kwa kazi yenyewe ya kuzitafuta niseme "kusaka kiwango mwafaka". Ni maneno matatu, sawa, lakini "uboreshaji" ungetupotosha, kwani kila anayepaka ukuta rangi anauboresha.

Kusaka huko kuna njia yake. Mwaka 1951, huko Uingereza, mtakwimu George Box na mkemia K. B. Wilson walichapisha makala kuhusu namna ya kufikia hali mwafaka kwa majaribio. Kabla ya hapo mazoea yalikuwa kubadili jambo moja na kuyafunga mengine: joto kwanza, muda baadaye. Taabu ni kwamba joto likibadilika, muda unaofaa nao hubadilika. Wao walishauri ufanye majaribio machache ukizunguka pale ulipo, ukibadili mambo kadhaa kwa mpango, uone mwinuko unaelekea wapi, kisha usogee upande huo na kuanza tena. Ni kama mtu anayepanda Meru ndani ya ukungu. Kilele hakioni, lakini miguu yake inajua kunakopanda.

Na umbo la Meru linafundisha jambo ambalo michoro ya vitabuni, yenye vilima vilivyolingana pande zote, hulificha. Magharibi mlima unateremka kwa mteremko unaotembeka. Mashariki, upande wa kreta, ni ukuta unaoshuka wima. Moto wa mifupa uko hivyo. Ukipungukiwa kidogo, bado uko kwenye mteremko, ukizidisha, umeanguka. Fundi asiye na hakika na kipimajoto chake ni heri akosee upande wa kupungua, halafu avunje kipande na kukitazama. Mfupa wenye kahawia ndani hurudishwa tanurini ukaiva. Ule uliogeuka chaki haurudi kuwa mweusi.