Majengo Yaliyobadili Kazi: Chepkoilel ya Eldoret, 1946–2013

1. Utangulizi

Historia ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kwa kufuata sheria, tume na majina ya viongozi. Majengo hutajwa kwa nadra, na yakitajwa huwa ni kwa sababu ya sherehe za ufunguzi. Hata hivyo, si vyuo vyetu vyote vilivyoanza katika majengo yaliyokusudiwa kuwa vyuo vikuu. Elimu ya chuo kikuu katika Dar es Salaam ilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi 14 wa sheria. Kuhamia Mlimani kulikuja mwaka 1964.

Makala hii inachunguza mfano ulio mbali na miji mikuu, yaani Chepkoilel, katika eneo la Moiben, umbali wa kilomita 9 hivi kutoka mjini Eldoret. Hoja yetu ni kwamba jengo kuukuu linalobadilishwa kazi huendelea kuwa hati ya historia. Na kwamba hati hiyo hupotea si kwa kubomolewa kuta tu, bali pia kwa kusahauliwa majina.

2. Kutoka shamba hadi chuo kikuu

Uasin Gishu ni nchi ambayo mlowezi aliigawa kwa namba. Mji wa Eldoret wenyewe uliitwa Sitini na Nne, kwa kuwa posta yake ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lenye namba hiyo. Amri ya Nyanda za Juu ya mwaka 1939 iliimarisha kisheria utaratibu wa kuitenga ardhi ya huko kwa ajili ya Wazungu.

Katika mazingira hayo, mwaka 1946, walowezi walianzisha Chepkoilel kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Neno ‘mkulima’ katika jina hilo lataka kusomwa kwa uangalifu. Aliyeshika jembe na kukama ng’ombe alikuwa Mwafrika, lakini katika lugha ya kituo mkulima alikuwa mwenye shamba. Kwa hiyo kuta za kwanza za Chepkoilel zilijengwa juu ya maana finyu ya neno moja.

Mwaka 1984 kituo kiligeuzwa kuwa Chuo cha Ualimu cha Moi, kazi yake ikiwa ni kuwaandaa walimu wa sayansi wa ngazi ya diploma. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa kwa wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Vyuo hivi viwili vilikutana kwa sababu ya msongamano. Mwaka 1989 wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walifanya mtihani wa kidato cha nne, na wa mwisho wa mfumo wa zamani wakafanya ule wa kidato cha sita. Makundi yote mawili yalibisha hodi vyuo vikuu kwa pamoja. Ndipo, mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Moi kilipokichukua chuo cha ualimu na kukifanya Bewa la Chepkoilel, makao ya masomo ya sayansi. Agosti 2010 bewa likawa chuo kikuu kishiriki; na tarehe 11 Februari 2013 likapewa hati yake na kuitwa Chuo Kikuu cha Eldoret.

Yafaa ieleweke kwamba mabadiliko ya mwaka 1990 yalisukumwa na haja ya nafasi. Swali la lipi lihifadhiwe na lipi libadilishwe halikuwa ndilo lililoyaleta.

3. Kukarabati, kugeuza na kuhifadhi

Hapa wanalugha wana jambo la kusema. Katika mazungumzo ya kila siku kazi yote ya majengo ya zamani huitwa ‘ukarabati’. Neno hili linaficha mambo matatu. Kukarabati ni kurudisha kilichochakaa katika hali yake. Kugeuza ni kulipa jengo kazi mpya: bweni la wakulima kuwa ofisi, au karakana kuwa maabara, jambo linalodai mabomba, mifereji ya maji machafu, umeme wa kutosha na njia za kupitishia hewa. Kuhifadhi ni kulinda ushahidi wa kazi ya kale hata kazi mpya inapoendelea. Mkataba unaotaja ukarabati peke yake haumfungi mjenzi kuhifadhi chochote.

Makerere imetupa mfano wa karibu. Jengo Kuu lake la mwaka 1941 liliungua tarehe 20 Septemba 2020. Lilipofunguliwa tena Oktoba 2024, sura yake ya nje ilikuwa ile ile iliyozoeleka. Lakini Jengo Kuu lilikuwa na fahari iliyolitetea. Majengo ya kituo cha wakulima hayana mnara wala picha katika noti. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kulindwa. Lisilotangazwa hutegemea busara ya mwenye nalo.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tuhifadhi alama ya mlowezi? Swali hili ni la haki. Wanafunzi wa leo wanahitaji vyumba vya majadiliano, intaneti, na njia zinazopitika kwa kiti cha magurudumu. Hakuna ukuta wa mwaka 1946 unaostahili kuwanyima hayo. Lakini tukifuta kila alama, tutafuta pia ushahidi kwamba mahali palipotengwa kwa wachache pamekuwa mali ya umma. Ushindi huo hauonekani pasipo kuonekana kilichoshindwa.

4. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla jengo lolote la zamani halijaguswa, lipigwe picha, lipimwe, na kazi zake zote ziandikwe. Pili, majina yote ambayo Chepkoilel imepewa tangu 1946 yaandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili na Kikalenjin pia. Tatu, idara za lugha zikusanye majina ambayo wafanyakazi, wapishi na wanafunzi waliyapa majengo hayo, kwani mara nyingi majina hayo hayamo katika ramani. Kuta zaweza kungoja fedha. Wazee waliofanya kazi humo kabla ya 1984 hawawezi kungoja.