Busang, 1997: Ugomvi wa Wakubwa na Akiba za Wadogo

Tarehe 26 Machi 1997 kampuni ya Freeport-McMoRan ya Marekani ilitangaza kwamba mashimo iliyoyachoronga huko Busang, katika misitu ya Kalimantan Mashariki nchini Indonesia, yalikuwa na dhahabu kidogo mno isiyostahili kuhesabiwa. Siku iliyofuata hisa ya Bre-X Minerals, kampuni ya Calgary iliyokuwa imeitangazia dunia kuwa Busang kuna wakia milioni 71 za dhahabu, ilishuka kutoka dola 15.50 za Kanada hadi dola 2.50 hivi. Thamani ya takriban dola bilioni 3 iliyeyuka kwa siku moja. Wauzaji walikuwa wengi kiasi kwamba kompyuta za soko la hisa la Toronto zilielemewa.

Wanafunzi wangu wanaposimuliwa kisa hiki, hukimbilia neno moja: tamaa. Neno hilo linaridhisha kwa sababu linamaliza mjadala upesi, na linatuondolea kazi ya kuuliza swali gumu zaidi. Kwa nini, baada ya tangazo la Freeport, maelfu ya wanahisa wadogo hawakuamini kwamba dhahabu haikuwapo, bali waliamini kwamba walikuwa wakiibiwa? Wako waliokataa kuuza. Wako hata walionunua zaidi kwa bei iliyoporomoka, wakisema kuwa kampuni kubwa imeshusha bei makusudi ili ijichukulie mgodi kwa bei ya bure. Dhana hiyo ilikuwa na makosa, lakini haikuwa ya kijinga, na mizizi yake imo katika miezi sita iliyotangulia.

Bre-X ilianzishwa na David Walsh, dalali wa hisa ambaye mwaka 1993, mwaka uleule kampuni yake iliponunua haki za Busang, alikuwa ametangaza kufilisika yeye binafsi. Kazi ya jiolojia ilikuwa chini ya John Felderhof, na kwenye eneo lenyewe aliyesimamia uchorongaji ni Michael de Guzman, Mfilipino. Hisa iliyokuwa ikiuzwa kwa senti ilipanda hadi zaidi ya dola 280 kufikia Mei 1996, kabla ya kugawanywa kumi kwa moja. Katika mji mdogo wa St. Paul, jimbo la Alberta, wakulima na wafanyabiashara wa kawaida walikuwa wamenunua mapema, wakaambizana jirani kwa jirani, na kwa muda mji mzima ukajiona umetajirika. Thamani ya kampuni ilipita dola bilioni 6. Hazina za pensheni nazo ziliingia: hazina ya walimu wa Ontario ilikuja kupoteza karibu dola milioni 100. Kwa hiyo mwalimu ambaye hajawahi kuzungumza na dalali alikuwa mwanahisa wa Busang bila kujua.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kampuni changa ya utafutaji madini haiuzi madini. Huuza matumaini, na soko lake halisi ni kampuni kubwa itakayokuja kuinunua au kuingia naye ubia. Mwanahisa mdogo hana njia ya kwenda Kalimantan kupima mwamba. Anachoweza kukiona ni mienendo ya wakubwa. Na mienendo hiyo, kuanzia katikati ya mwaka 1996, ilikuwa tamthilia ya wazi. Barrick Gold ilitaka Busang na ikashirikiana na Siti Hardiyanti Rukmana, binti wa Rais Suharto. Brian Mulroney, waziri mkuu wa zamani wa Kanada, alikuwa katika bodi ya Barrick. George Bush, rais wa zamani wa Marekani na mshauri wa kampuni hiyo, alimwandikia Suharto barua ya kuisifu. Bre-X nayo ikamkimbilia Sigit, mtoto wa kiume wa rais, kwa ahadi ya dola milioni moja kila mwezi kwa miezi 40. Mnamo Novemba serikali ya Indonesia ikaitaka Bre-X iiachie Barrick asilimia 75. Wanahisa walighadhibika, Placer Dome ikajitokeza na pendekezo la kuungana, na mpango wa Barrick ukavunjika. Februari 1997 ikatangazwa suluhu nyingine: Bre-X asilimia 45, serikali asilimia 10, kampuni zilizohusiana na Bob Hasan, rafiki wa Suharto, asilimia 30, na Freeport, ambayo ndiyo ingejenga mgodi, asilimia 15.

Mtazame mtu aliyeweka akiba yake humo, akisoma habari hizi asubuhi baada ya asubuhi. Mfumo mzima wa utawala wa kifamilia, pamoja na marais na mawaziri wakuu wastaafu, unapigania kipande cha ardhi. Ni nani ambaye angejiuliza kama kitu kinachopiganiwa kipo? Ugomvi wenyewe ndio uliokuwa cheti cha ubora. Rushwa, ambayo kwa kawaida humfukuza mwekezaji, hapa iligeuka kuwa ushahidi wa utajiri. Wala wakubwa hao hawakuwa na ujuzi ambao wadogo waliukosa. Barrick ilipata wasaa wa kuchunguza lakini haikuchoronga shimo lake yenyewe, serikali haikuchoronga, watoto wa rais hawakuwa na haja ya kuchoronga. Kila mmoja alisoma uhakika katika uso wa mwenzake. Mtu wa kwanza kuuliza mwamba wenyewe alikuwa Freeport, naye aliuliza baada ya ugawaji wa asilimia kukamilika.

Jibu lilitoka upesi. Freeport ilichoronga mashimo kando ya yale ya Bre-X, hatua chache tu, na haikukuta kitu. Tarehe 19 Machi de Guzman, akiwa safarini kurudi Busang kukutana na wanajiolojia wa Freeport, alianguka kutoka kwenye helikopta akafa. Januari moto ulikuwa umeteketeza kumbukumbu za kambini. Bre-X iliiajiri kampuni ya Strathcona kufanya ukaguzi huru, na kwa wiki tano wanahisa waliishi katika kusubiri. Huo ndio muda ambao dhana ya njama ilistawi. Suharto alishajaribu kuwapora mara moja, tena hadharani. Kwa nini asijaribu tena kwa mlango wa nyuma? Waliokuwa wamezoea kuona siasa ikiwafanyia hila hawakuweza, ndani ya siku moja, kuhama kutoka hofu ya mporaji wa nje hadi hofu ya mwizi wa ndani. Ripoti ya Strathcona ya tarehe 4 Mei ilifunga mlango huo: sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu, kwa kiwango ambacho wakaguzi hawakujua mfano wake katika historia ya uchimbaji. Siku chache baadaye hisa ikawa haina thamani na ikaondolewa sokoni.

Namna udanganyifu ulivyofanyika inafaa kuelezwa, maana haikuwa sayansi ya ajabu. Katika uchorongaji wa kawaida, mhimili wa mwamba unaotolewa hupasuliwa mara mbili: nusu hupelekwa maabara, nusu hutunzwa ili mtu mwingine aweze kuhakiki. Busang karibu mwamba wote ulisagwa, kikabaki kipande kifupi tu, kwa maelezo kwamba dhahabu ya huko imetawanyika vibaya na inahitaji sampuli kubwa. Kisha chembe za dhahabu zikachanganywa kabla mifuko haijafika maabara. Chembe hizo zilikuwa na kingo za mviringo, kama dhahabu iliyosuguliwa na maji ya mto kwa muda mrefu, si kama ile iliyofungwa ndani ya mwamba. Ilielezwa baadaye kwamba ilinunuliwa kwa wenyeji waliokuwa wakiosha mchanga kwenye mito ya jirani. Hapa nashindwa kujizuia kusema: katika kisa chote hiki cha mabilioni, dhahabu ya kweli ilitoka mikononi mwa watu wa kijijini wenye karai, ambao jina lao halikuandikwa kwenye mgawanyo wowote wa asilimia.

Kwetu Tanzania miaka hiyohiyo haikuwa ya mbali na hadithi hii. Sutton Resources ya Vancouver, kampuni changa ya aina ileile, ilikuwa na leseni ya Bulyanhulu, na mnamo Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo. Barrick, iliyoikosa Busang, iliinunua Sutton mwaka 1999. Dhahabu ya Bulyanhulu ilikuwapo kweli, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini mtiririko ulikuwa mmoja: hisa zinauzwa Kanada, leseni ziko kwetu, na thamani hupandishwa na matarajio ya kununuliwa na mkubwa. Mtumishi wa wizara aliyekaa mezani na kampuni kama hizo alikuwa anajadiliana na bei ya hisa ya Toronto kuliko na mwamba wa Kahama.

Uwajibikaji ulikuwa mwembamba. Walsh alifariki mwaka 1998 huko Bahamas. Polisi wa Kanada walifunga uchunguzi wao mwaka 1999 bila kumshtaki mtu. Felderhof, aliyeuza hisa zake kwa takriban dola milioni 84 kabla ya anguko, alishtakiwa chini ya sheria ya hisa na akaachiwa huru Julai 2007. Mahakama haikuridhika kwamba alijua juu ya udanganyifu. Nakumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jiolojia. Kesi za madai za wanahisa zilivutwa zaidi ya muongo mmoja, na wengi wao hawakupata chochote cha maana.

Kilichobadilika ni kanuni. Mwaka 2001 Kanada iliweka masharti kwamba taarifa ya madini ya kampuni iliyo katika masoko yake itayarishwe na mtaalamu mwenye sifa anayetajwa kwa jina, aeleze jinsi sampuli zilivyolindwa na alivyozihakiki takwimu. Ripoti hizo huwekwa wazi kwa umma, na zimo zinazohusu maeneo ya Geita, Kahama na kwingineko nchini. Nawahimiza wanafunzi na watumishi wa halmashauri wazisome, hasa kurasa za katikati ambazo waandishi wa habari huziruka: nani alichukua sampuli, nani alizibeba, nusu ya mwamba imehifadhiwa wapi, na kama kuna mtu asiye na hisa aliyekwenda kuitazama.