Miguu Iliyotafuta Sauti

Katika nyanda kame za Turkana, tangu Lodwar penye mikoma ya mto Turkwel hadi Kakuma ukingoni mwa Tarach, edonga ni ngoma isiyopigwa ngoma; kishindo cha nyayo na makofi ndivyo vinavyoshika mwendo, na mwanamume arukaye juu, mikono ameiinua mfano wa pembe za fahali wake, ndiye huyo huyo amwimbaye fahali. Ukiuliza hapo nani mchezaji na nani mwimbaji, utakuwa umeuliza suali lisilo maana.

Mji wa bendi ndio uliotia mpaka: mwimbaji mbele, wachezaji nyuma yake kama mapambo. Na kwa kuwa kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudani waliotimka Ethiopia, imepokea baadaye Wasomali, Wakongo na kaumu nyinginezo, kila watu na nyimbo zao, hapa ndipo fikira zangu humwendea Tshala Muana, mwimbaji wa Kongo.

Alizaliwa 1958 Elisabethville, leo Lubumbashi, mji wa shaba na wa Kiswahili, ingawa nasaba yake ni ya Waluba wa Kasai. Mwaka 1977, mjini Kinshasa, aliingia kundi la Tsheke Tsheke Love, wala si kwa kuimba, bali kwa kucheza. Ajabu ni kwamba mwenye kundi, M'Pongo Love, fundi wa sauti asiye na mfano, alidhoofishwa miguu na maradhi ya utotoni. Basi jukwaa moja likabeba sauti iliyopungukiwa miguu, na miguu ambayo ilikuwa bado haijapewa sauti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihamia Abidjan, kisha Paris, na huko akaifanya mutuashi, ngoma ya Kiluba ya kuzungusha kiuno ambayo wenye haya waliigunia, kuwa milki yake, hata akaitwa malkia wa mutuashi. Tena aliimba Kiluba, wakati ambapo Kilingala ndicho kilichotawala bendi za Zaire. Kwa insafu nitasema kuwa kwa sauti tupu hakumfikia mwimbaji mwenzake wa Kongo, Mbilia Bel, ambaye naye alianzia nyuma ya mwimbaji Abeti Masikini. Lakini Mbilia Bel alipofika mbele alisikilizwa kwanza ndipo akatazamwa, ilhali Tshala hakukubali kimoja kitangulie kingine. Alichokifanya ni kuufuta ule mpaka wa mji, akawa tena, kama mwenye fahali katika edonga, mchezaji na mwimbaji katika kiwiliwili kimoja.

Alifariki Kinshasa tarehe 10 Desemba 2022. Miongoni mwa nyimbo alizoacha umo mmoja uitwao Karibu Yangu, jina ambalo sokoni Lodwar halihitaji mkalimani.